Shangazi, majirani wananionea wivu kwa sababu ya amplifaya yangu

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 36, naishi Sinza na mke na mtoto mmoja, chumba na sebule, ghorofa ya pili. Mwaka jana nilinunua amplifaya ya mtumba kutoka Japani, ya klasi A, kilo 30 na ushei. Nyuma imeandikwa inatumia wati 350. Naiwasha saa 12 asubuhi naizima saa 5 usiku, maana ikishapata moto ndipo hutoa sauti tamu. Wapangaji wanne tunatumia mita moja ya LUKU, tunachanga sawa. Sasa wameitisha kikao Jumapili. Sauti nimepunguza, bado wananuna! Mke wangu naye yuko upande wao, wakati nilimwambia nimeinunua laki tatu tu. Huu si wivu? – Mpenda Besi*

Marahaba, mwanangu. Si wivu. Chukua kalamu.

Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 350 kwa saa 17 ni karibu yuniti 6 kwa siku. Kwa mwezi zinakaribia 180. TANESCO ina bei nafuu kwa wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na kaya nyingi zinaishi humo humo, taa, televisheni na friji dogo. Sasa amplifaya yako peke yake inakula za kaya mbili na kubakiza, halafu bili unaikata mapande manne. Yule mama wa chini anayeuza maandazi anakulipia muziki asiousikiliza.

Unasema umepunguza sauti. Umesaidia masikio yao, mfuko hujaugusa. Amplifaya ya klasi A huvuta umeme ule ule, ipige taarabu kwa nguvu au ikae kimya. Ni kama dereva wa daladala aliyesimama kituoni huku kakanyaga mafuta. Moto wote huo unaishia sebuleni kwako, na Dar es Salaam ya Januari unaijua. Mkeo anapepea mtoto mbele ya jiko usilolipikia chochote.

Habari ya kuipasha ni kweli, ila si tangu alfajiri. Nusu saa, tuseme saa nzima kwa wenye masikio makali kama wewe. Iwashe ukirudi kazini, sikiliza kwa muda wa saa mbili, zima. Hapo ni kama yuniti moja tu kwa siku, na ugomvi mkubwa umekwisha.

Kuna jambo umelitaja pembeni ya barua, kwamba ukiiwasha breka ilikuwa inaruka, fundi akakuwekea kubwa zaidi. Hilo limenitisha kuliko kikao. Vifaa vya Japani ni vya volti 100, kwa hiyo najua una transfoma ya kushushia umeme wetu wa volti 230. Transfoma hiyo na ile iliyo ndani ya amplifaya zikiwashwa pamoja huvuta umeme mwingi kwa nukta moja, ndiyo maana breka inaruka. Lakini breka ipo kulinda waya wa ukutani. Ukiweka kubwa, waya utaungua kabla breka haijashtuka. Mwite fundi umeme mwingine arudishe ya awali, akufungie kifaa cha kuwashia taratibu. Fanya wiki hii.

Pembeni hapo hapo umelalamikia besi inayovuma, ukaniambia sebule yako haifiki mita tatu na nusu. Chumba cha urefu huo hukuza mlio wa hezi 50 hivi, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, pale pale besi inapokaa. Hata ungenunua amplifaya ya bei mara kumi, chumba kitavuma tu. Ondoa spika kwenye kona na kwenye ukuta wa jirani, ziwekee mpira chini. Na ukikaa mita mbili kutoka kwenye spika za kawaida, wati moja au mbili zinatosha kabisa kusikiliza vizuri. Nguvu nyingine zote unazihifadhi za nini? (Marehemu mume wangu alikuwa na redio ya mbao. Tulicheza hadi asubuhi.)

Kwenye kikao nenda wa kwanza kusema. Waambie hesabu, omba mwenye nyumba akufungie mita ndogo yako kwa gharama yako, na ulipe pengo la miezi iliyopita. Usingoje waombe.

Limebaki la laki tatu. Ile sentensi umeipitia haraka, nami nimeirudia mara mbili. Amplifaya ya klasi A ya kilo 30 kwa laki tatu? Mkeo haungani na majirani kwa sababu ya LUKU, mwanangu. Ana hisia kwamba kuna kitu. Kikao ni Jumapili, basi Jumamosi usiku mtoto akishalala, izime, mwambie bei yake halisi.