Miwani ya progresivu inakupa kizunguzungu? Kabla hujairudisha, Mwalimu, soma hapa

Mwalimu, pole. Umesema una miaka 47, unafundisha Ngaramtoni kule Arusha, umetoa hela ndefu kwa miwani ya progresivu, ile yenye lenzi moja ya kuonea mbali na karibu, na sasa ukitembea ardhi inapanda na kushuka, ngazi unashuka umeshika ukuta, na mama watoto anakwambia rudisha udai hela yako. Usirudishe kwanza. Ila wale waliokuambia "vumilia tu utazoea" nao wamekupa nusu ya jibu. Ugeni wa lenzi unazoeleka, kwa wengi ndani ya wiki moja au mbili, mradi uvae kutwa na usibadilishane na ile ya zamani kila saa. Miwani iliyopimwa vibaya haizoeleki hata uivae mwaka.

Mimi nina duka la dawa hapa Moshi, upande wa Majengo. Macho yalianza kunisumbua kwenye tarehe za kuisha dawa. Wanaouza dawa wananielewa: kwenye ile karatasi ya fedha ya vidonge, tarehe mara nyingi haina hata wino, imegandamizwa tu pembeni, na unaisoma kwa kuigeuzageuza kwenye mwanga mpaka kivuli kikae sawa. Nikawa naisogeza mbali, naisogeza tena, mkono umenyooka wote na namba bado hazisomeki. Binti wa dukani akawa ndiye msomaji wangu.

Chanzo si ugonjwa. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini, inabadili umbo unapotazama kitu cha karibu. Inakakamaa kidogo kidogo miaka yote, ila kwenye 40 hadi 45 ndipo mtu anashtuka, na inaendelea hadi 60 hivi. Karoti hazirudishi ulaini ule. Na yale maneno ya mtaani kwamba miwani inalemaza macho, achana nayo. Namba ya kusomea, yaani nguvu ya lenzi unayohitaji kwa vitu vya karibu, itapanda ukivaa, itapanda usipovaa.

Sasa progresivu yenyewe. Juu ni mbali, chini ni kusomea, katikati kuna njia nyembamba inayounganisha, na pembeni kwa chini kuna ukungu. Ukungu huo ndio unaokuyumbishia ardhi. Si ubovu wa miwani yako. Tangu Wafaransa walipoanza kuuza lenzi hizi mwaka 1959 hakuna kiwanda kilichoufuta, wanausukuma tu huku na kule, na lenzi ya bei ya juu inausukuma vizuri zaidi. Namba ya kusomea ikiwa kubwa, ukungu unaongezeka na njia inabana. Kwa hiyo anayeanza kwenye arobaini na kitu, akiwa na namba ndogo, anapata urahisi kuliko anayesubiri mpaka hamsini na tano.

Hapa ndipo utajua kama umepimwa vibaya. Simama wima, tazama mbali kichwa kikiwa kimenyooka. Ikibidi uinamishe kidevu ndipo uone vizuri, lenzi zimekaa juu mno. Ikibidi uinue kidevu kama mtu anayenusa kitu ndipo usome, zimekaa chini mno. Ukilazimika kusogeza daftari upande mmoja ndipo maandishi yatulie, huenda umbali kati ya mboni na pua haukupimwa kila jicho peke yake. Duka lililonitengenezea miwani ya kwanza hawakunivalisha hata fremu, waliipima ikiwa mezani. Ilibidi itengenezwe upya. Fundi makini anakuvalisha fremu uliyochagua, anainyoosha ikae sawa puani, ndipo anaweka alama ya mboni kwa kalamu juu ya ile lenzi ya maonyesho. Na hata miwani ikishatoka inakaguliwa: kila lenzi ina alama mbili ndogo sana zilizochongwa, ukiitega kwenye mwanga unaziona, na kutoka hapo anaweza kurudisha ile nukta ya mboni na kuilinganisha na jicho lako. Mwambie akufanyie hivyo mbele yako. Angalia na fremu pia. Zile nyembamba zinapendeza, ila zinakata sehemu ya kusomea.

Alama zikiwa sawa, kilichobaki ni shingo. Kusoma, shusha macho, kichwa kiache. Kutazama pembeni, geuza kichwa. Ukiendesha gari kuja huku Moshi, vioo vya pembeni usiviibie kwa kona ya jicho. Ngazini fanya kinyume cha kusoma: inamisha kichwa uone kwa sehemu ya juu, maana ile ya chini imetengenezwa kwa kitu kilicho kama sentimeta 40 toka usoni, na ngazi iko mbali zaidi ya hapo. Mimi nikipanda nyumbani Kibosho, kwenye vijinjia vya migombani na mifereji, navaa miwani ya mbali tu. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2010 uliokuta kwamba wazee wanaotoka nje mara kwa mara walipopewa miwani ya mbali ya kawaida kwa ajili ya kutembea, walianguka mara chache zaidi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba progresivu haimalizi kazi zote. Kwako darasani inafaa kweli, unatazama mtoto wa nyuma kabisa kisha daftari mkononi. Rundo la mitihani la jioni nzima litakuchosha shingo. Weka mezani miwani ya kawaida ya kusomea. Mimi boksi lililo rafu ya juu silisomi kamwe kwa progresivu, kwa sababu sehemu ya kusomea iko chini na boksi liko juu. Nalishusha hadi kifuani. Siku ya kuhesabu mali natumia miwani ya kusomea niliyonunua stendi, na haina aibu yoyote, ili mradi macho yako yote mawili yana namba moja.

Mwisho, mwenye sukari asipime miwani sukari ikiwa juu. Namba inayumba na sukari. Dukani nimewaona wateja waliotengeneza miwani, sukari ikashuka, miwani ikawakataa. Na ukipima macho, iwe hospitali ya KCMC, ya Mount Meru au kwingine, omba na presha ya macho, hasa kama kuna ndugu aliyepata glakoma, kwani ugonjwa huo mara nyingi hauumi, unakula uoni kimya kimya. Ukiona mwanga unamwekamweka au jicho moja limefifia ghafla, hilo si la miwani, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kesho ukirudi kwa fundi wako, beba daftari la yule mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya kuliko wote. Ukilisoma hapo hapo umekaa kama unavyokaa shuleni, miwani iko sawa, ondoka nayo.