Hana Alikula Kabla ya Kujibiwa

"Bwana asifiwe dada. Nimeona picha za shukrani ya mtoto wako. Mimi nina mimba ya miezi sita. Wa kwanza nilimzika mwaka juzi. Usiku silali, kila nikishtuka naweka mkono tumboni nione kama anacheza. Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Wewe amani uliipata wapi?"

Ujumbe huo uliingia Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya kumpeleka binti yetu kanisani kwa shukrani. Wengi walioona zile picha waliandika hongera na kumsifu Mungu, nami nawashukuru. Huyu mmoja aliuliza. Swali lake nalifahamu sana, maana nami nililibeba miezi mingi bila kumpata mtu wa kumwuliza. Nimeshaongea naye kwa simu. Lakini najua wako wengine wanaofunika matumbo yao kwa khanga ili wasiulizwe, na hao ndio ninaowaandikia.

Mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni mimba ikiwa imepita miezi saba. Kifafa cha mimba. Uso ulivimba, pete ikakataa kutoka kidoleni, kichwa kikauma kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila niliyemwambia alinijibu kuwa ndivyo mimba ya kwanza ilivyo. Tulipofika hospitali nesi aliweka kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto juu ya tumbo langu, akainama na kutega sikio. Akakihamisha kushoto. Akakishusha chini ya kitovu, akakibana zaidi. Hakuniambia neno. Akamwita mwenzake, naye akasikiliza, wakatazamana. Mpaka leo nikikiona kipembe kile juu ya meza ya kliniki viganja vyangu vinaloa jasho.

Yaliyofuata nayaruka. Aliyeyapitia anayajua.

Lakini ya msibani siyaruki, kwa sababu bado yananiuma. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, maziwa hayajakauka kifuani, mama mmoja wa jumuiya yetu akaniambia, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, sasa nyamaza usimkosee Mungu." Maneno yale ni ya Ayubu, sikatai. Ila aliyeyasema ni Ayubu mwenyewe, mfiwa. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa waliona jinsi mateso yake yalivyokuwa makubwa. Kama wangeishia hapo wangekuwa wafariji wazuri kuliko wote katika Biblia. Wewe unayekwenda kumfariji mama aliyepoteza mtoto, kaa naye. Chota maji, osha vyombo, nyamaza.

Mimba ya pili ilinikuta bado nina hofu ya ile ya kwanza. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba yuko katika hatari ya kukipata tena, akanianzishia aspirini ya dozi ndogo mapema, na presha ilipoanza kupanda akaongeza vidonge vya presha. Nikawa mtu wa kliniki. Unakaa kwenye benchi, kadi mkononi, unamwangalia nesi anavyomfunga mwenzako ule mkanda wa presha mkononi, anaupampu, anasoma, anaandika. Zamu yako ikifika moyo unadunda kiasi kwamba unajua kipimo kitapanda kwa hofu peke yake.

Hapo ndipo mtumishi mmoja aliponiambia kwamba hofu ni dhambi, kwamba mwenye kuogopa amemfungulia shetani mlango, na kwamba kama kweli naamini niache vile vidonge nitembee kwa imani. Alisema mbele ya watu. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Lakini sikuacha hata kidonge kimoja, na hilo nalisema kifua mbele. Nilimeza dawa asubuhi na jioni na nikaomba asubuhi na jioni, na Mungu niliyemwomba ndiye aliyempa daktari akili yake.

Nilirudi kwenye Biblia kutafuta kama ni kweli hofu ni dhambi. Nikakutana na Daudi katika Zaburi ya 56, zaburi ya wakati Wafilisti walipomkamata huko Gathi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu yangu, anasema. Haikatai, wala haombi radhi kwa kuwa nayo. Nikakutana na Bwana Yesu mwenyewe Gethsemane, ambaye Marko anaandika kwamba alianza "kufadhaika sana na kuhangaika." Kama kufadhaika ni dhambi, basi tumweke wapi Mwokozi wetu usiku ule? Yeye hakutenda dhambi, lakini alihangaika, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Nao wakalala.

Halafu nikakutana na Hana.

Habari zake ziko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha 1 Samweli. Hana hana mtoto, na mke mwenzake Penina anamchokoza mwaka baada ya mwaka kila wanapopanda kwenda Shilo kuabudu, mpaka Hana analia na kukataa chakula. Mumewe Elkana anampenda, lakini anamwuliza, je, mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? (Wanaume wanaotupenda wana maneno yao. Wangu naye aliniambia, "Tutapata mwingine.") Hana anakwenda hekaluni, anaomba kwa uchungu, midomo inacheza na sauti haisikiki, hadi kuhani Eli anadhani amelewa. Naye anajibu kwamba hakunywa divai wala kileo, ila "nimeimimina roho yangu mbele za Bwana." Eli anamwambia aende kwa amani.

Mstari unaofuata niliusoma nikaurudia mpaka nikaukariri. Hana akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Ni mstari wa 18. Mimba anaipata mstari wa 20. Alikula kabla. Alipokuwa anakula, tumbo lake lilikuwa vilevile, Penina alikuwa bado yupo na mdomo wake, na hakuna lililobadilika pale Shilo isipokuwa Hana mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kummwagia Mungu yote.

Mimi nilikuwa naomba kwa adabu. Nilikuwa nasema "Bwana, naamini utatenda," "asante kwa muujiza wangu," maneno mazuri ya ibadani, huku moyoni nasema jambo jingine kabisa. Usiku mmoja wa baridi ya Njombe, ile ya mwezi wa saba inayopenya blanketi, niliamka saa tisa, nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko lililokuwa bado lina vuguvugu. Nikasema kwa sauti: "Mungu, naogopa huyu naye atakufa. Naogopa kile kipembe. Naogopa mama mkwe atanionaje. Na wewe pia nakuogopa, kwa sababu mara ya kwanza nilikuomba na ulimwacha akafa." Nilisema yote. Mume wangu alinisikia, akaja akakaa sakafuni, wala hakusema tutapata mwingine. Alinishika mguu tu, tukalia wote. Kisha, na hili siwezi kulieleza kwa akili, nilisikia njaa. Tulikula kiporo cha ugali na maharage saa kumi alfajiri, tukarudi kulala, nikalala mpaka jua likatoka.

Mtume Paulo anaiita amani ipitayo akili zote, na tukumbuke alikuwa amefungwa alipowaandikia Wafilipi barua ile.

Kliniki iliyofuata presha ilikuwa 150/100. Haikushuka. Nataka mdogo wangu ulishike hili, kwa sababu shuhuda nyingi tunazosikia zinasema niliomba na vipimo vikawa safi. Vyangu havikuwa safi. Nililazwa, nikapasuliwa kabla ya siku zangu, binti akatoka na kilo 1.8, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi kama manesi wanavyofundisha akina mama wenye watoto njiti. Njia nzima hiyo nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa nakula, nalala, na nikimwambia Mungu naogopa nilijua namwambia anayesikia.

Kwa hiyo ukiniuliza nifanyeje, jibu langu ni fupi. Mmwagie Mungu yote. Usimpambie. Kama una hasira naye mwambie una hasira, Zaburi zimejaa watu waliofanya hivyo na hakuna aliyefukuzwa. Taja hofu yako kwa jina lake, usiseme "changamoto." Mtafute mtu mmoja, mmoja tu, unayeweza kumpigia saa tisa usiku bila kuomba samahani. Chagua mstari mmoja mfupi wa kusema nesi anapoupampu ule mkanda. Wangu ulikuwa ule wa Zaburi 56, kwa sababu unakwisha kabla mkanda haujaachia. Na mkikutana na mtu wa Mungu anayekwambia uache dawa, ondokeni hapo, akina mama. Ondokeni! Mungu hamfukuzi anayetetemeka mbele zake, na anayewafukuza watu kwa jina la Mungu kwa sababu wanatetemeka ataulizwa siku moja.

Na mwambie nesi historia yako yote, hata kama foleni ni ndefu na amechoka. Mwombe apime presha na mkojo kila unapokwenda. Kichwa kikikuuma kisiachie, ukianza kuona vimulimuli au ukungu machoni, uso au mikono ikivimba ghafla, maumivu yakikubana juu ya tumbo chini ya mbavu, au mtoto akipunguza kucheza, usisubiri kesho na usianze kufunga na kuomba nyumbani. Nenda hospitali saa hiyohiyo, utaomba njiani. Kadi ya kliniki na nauli viwe tayari kwenye mkoba mmoja, na mumeo ajue mkoba uko wapi.