Kulipia tangazo la dagaa mtandaoni: ni kamari au ni ujira?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe wetu. Mimi ni mama, nakaa Igoma, Mwanza. Nauza dagaa wakavu na kayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi) kupitia Facebook na Instagram, na wateja wangu wengi wako Dodoma na Dar es Salaam. Kila wiki nalipia tangazo. Wiki moja napata oda, wiki nyingine pesa inakwisha na simu haijaita. Jirani yangu anasema hiyo ni kamari. Halafu kuna kijana anataka kuniuzia wafuasi 5,000 pamoja na komenti za kunisifia. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh, ukhti. Sifa njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu (s.a.w.).

Jirani yako amekusudia heri, ila hukumu haikumkalia sawa. Kamari ni watu kuweka mali, kisha mmoja akala kwa sababu mwenzake amekosa. Wewe hukuweka dau. Umekodi kazi. Lifikirie gari la matangazo linalozunguka Kirumba na Kitangiri na kipaza sauti: umelilipa lizunguke, hukulilipa likuletee mnunuzi. Likizunguka, ujira wake umethibiti hata kama hakuna aliyetoka nyumbani kuja kununua. Hii ndiyo ijara, na ni halali.

Mtu anaweza kuuliza: mbona sijui tangazo litaonwa na watu wangapi, huo si ujinga katika mkataba, yaani kutojua unachokilipia? Ni kweli kwamba nafasi ya kuonyeshwa hupatikana kwa mnada wa papo kwa papo baina ya watangazaji, na bei hupanda na kushuka. Lakini kikomo cha matumizi umekiweka wewe. Ukiandika 5,000 kwa siku, siku moja mtandao unaweza kutumia zaidi na siku nyingine pungufu, ila kwa wiki hautazidi 35,000. Ujinga uliofungwa hivyo, tena katika jambo ambalo watu wanalihitaji, wanazuoni wengi wanausamehe. Wala usihangaike kwamba mwenye mtandao si Muislamu na mapato yake yana mchanganyiko. Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri, kama ilivyo katika Bukhari.

Pa kuangalia ni njia ya malipo. Kadi ya kidijitali unayoitengeneza ndani ya huduma ya pesa za simu inatoa pesa yako mwenyewe, haina tatizo. Mtandao kukata baada ya tangazo kuonyeshwa nako hakuna neno, maana hilo ni deni la ujira lisilo na nyongeza. Lakini kadi ya mkopo yenye riba iache. Iache pia ile huduma ya kukopeshwa salio ili muamala ukamilike, kisha ada ikaongezeka kila siku mpaka ulipe. Ada inayokua kadiri deni linavyokaa ni riba, hata ikivalishwa jina la huduma. Na kila tangazo liwekee tarehe ya mwisho. Wengi hulisahau likiwa wazi, kadi ikanyonywa wiki nzima wakati ndoo ziliisha siku ya pili.

Sasa niingie kwenye lile ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ndilo zito: picha yenyewe. Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake, vidole vikagusa unyevu. Akasema, “Ni nini hiki, ewe mwenye chakula?” Akajibu, “Kimenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Allah.” Akamwambia, “Kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi.” (Muslim).

Aliyewahi kununua dagaa kwenye soko la Mwaloni msimu wa mvua haihitaji tafsiri hadithi hii. Juu weupe wanaong'aa, chini wekundu waliokatikakatika, na katikati mkono unatoka na unyevu. Picha ya simu inauona ule uso wa juu tu. Kwa hiyo usipige ndoo ikiwa imejaa. Chota kutoka chini na katikati, mwaga kwenye sinia jeupe, piga mchana kivulini bila kichujio cha kung'arisha. Video fupi ni bora zaidi: tikisa sinia, mchanga uonekane kama upo. Walioanikwa chini mchangani sema ni wa mchangani, wa chanja sema ni wa chanja, na bei zitofautiane. Dagaa wa kulishia kuku wasiitwe wa mboga. Picha iwe ya mzigo huu wa sasa, si ya mwaka jana, wala si ya muuzaji mwenzako uliyoifuta jina.

Kipimo nacho kitaje kwa kilo. Neno “ndoo” lina mlango mkubwa wa dhulma: kuna ndoo ya lita 10 na ya lita 20, kuna ya kushindilia na ya kumwaga tu, na nyingine kitako kimebonyezwa ndani. Suratul Mutaffifin imeanza na ole kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Wafuasi na komenti za kununua: haifai. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza najash, yaani mtu asiyetaka kununua kupandisha bei ili mwingine ahadaike. Anayeandika “nimepokea mzigo, dagaa safi sana” na hajapokea hata punje, anafanya kazi ileile. Chawa maarufu unayemlipa aseme amekula kayabo yako na hajaionja, hukumu yake ni hiyohiyo. Mpelekee ale kwanza, kisha aseme alichokiona, na ijulikane kuwa amelipwa. Maneno kama “zimebaki tatu tu” stoo ikiwa imejaa, au “ilikuwa 30,000 sasa 22,000” na hujawahi kuuza 30,000, ni uongo wa wazi. Hata kwa hesabu ya dunia utapata hasara. Wale 5,000 hawali dagaa. Baadaye ukiuambia mtandao ukutafutie watu wanaofanana na wafuasi wako, umeutuma ukatafute mizimu.

Huenda hapo ndipo penye jibu la ile wiki ambayo simu haikuita. Mtandao hukutafutia ulichouomba. Ukiomba laiki utaletewa wapenda laiki. Chagua lengo la kutumiwa ujumbe, na eneo liwe ile miji tu ambayo mzigo wako unafika kwa basi. Kisha piga hesabu. Tuseme umetumia 25,000, wakakuandikia watu 40, wakanunua 5, na faida ya kila mmoja ni 4,000. Umeingiza 20,000, yaani umepoteza 5,000. Ikijirudia hivyo mara mbili tatu, simamisha ubadilishe picha au bei. Kuendelea kumwaga pesa ukijua haizai kunakaribia israfu.

Jambo la mwisho ni kuuza usichonacho. Hakim bin Hizam (r.a.) alikatazwa jambo hilo, na chakula kimetajwa mahsusi kwamba anayekinunua asikiuze kabla ya kukipokea. Usipokee pesa ya ndoo mahususi ambayo bado ni ya mvuvi kule Ukerewe. Unaweza kumwambia mteja wazi kwamba unamnunulia kwa niaba yake kwa ada ya 3,000, ukawa wakala wake. Au ufanye salam, yaani mauzo ya kulipwa sasa na kukabidhi baadaye: akulipe bei yote papo hapo mnapokubaliana, na mtaje aina, ukavu, uzito kwa kilo, siku na mahali pa kupokelea. Malipo ya nusunusu hayafai katika salam kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi hapa. Na ukiweka ile sentensi ya “mzigo ukishauzwa haurudishwi”, haikuvui na kasoro uliyoijua ukaificha. Mteja ana haki ya kurudisha.

Sharti jingine la salam ni kwamba bidhaa iwe inapatikana kwa kawaida siku ya kukabidhi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa haumvuti tena, na mitumbwi mingi inakaa ufukweni. Basi usimwahidi mtu dagaa wapya kwa tarehe 13, 14 au 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku tunazofunga sunna za ayyaamul biidh. Sogeza miadi hadi kwenye tarehe 25 hivi, uwaachie wavuvi giza la kuvua na jua la kuanika.

Wallaahu a'lam.