"Disinterested" si mtu asiyejali

Dada, umeuliza kwa nini tangazo la chama chenu hapo Umoja linataka msimamizi wa kura aliye "disinterested", ilhali mtu asiyejali hafai kuhesabu chochote. Hapo wanamaanisha mtu asiye na maslahi yake: hagombei, ndugu yake hagombei, na matokeo hayamwongezei wala kumpunguzia hata shilingi. Anaweza kufuatilia kila kura kwa makini sana. Yule anayepiga miayo mkutanoni huku akichezea simu ndiye "uninterested". Ni kweli Waingereza wametumia neno hilo la kwanza kwa maana zote mbili tangu karne ya 17, lakini kwenye barua rasmi, na hasa mahakamani, tafadhali shika tofauti hiyo. Nyinyi ombeni mtu wa chama kingine awahesabie.