Kondoo anakula vizuri lakini anazidi kukonda, shida ni nini?

SWALI: Habari ya kazi daktari. Mimi nafuga kondoo huku Kinangop, nina jike mmoja wa kama miaka mitatu, amekonda mpaka mbavu zinahesabika na bado anakula kama kawaida. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili, nikampiga sindano ya antibaiotiki akapata nafuu siku chache halafu akarudi palepale. Wenzake wakienda malishoni anabaki nyuma akihema, na akiinamisha kichwa pua zinatoa maji. Jirani anasema nimpeleke sokoni kabla hajanifia. Ana mtoto jike nilitaka awe mzazi baadaye, nimbakishe?
Mfugaji, Kinangop

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwanza kabisa usimpeleke sokoni, nakuomba. Kukonda peke yake kungenifanya niulize minyoo, meno, ama mnyoo wa ini, lakini ukiniambia anakula, anahema, na pua zinatoa maji akiinama, mimi moja kwa moja nafikiria kansa ya mapafu, ile wafugaji wa Afrika Kusini wameijua tangu karne ya 19 kwa jina la jaagsiekte, na hata hapa Kenya ishawahi kuonekana.

Hii kansa inaambukiza. Inaletwa na virusi vinaitwa JSRV, vinaingia kwa hewa na kwa maziwa ya mama, vinakaa kwenye seli za mapafu na protini ya ganda lao yenyewe ndio inafanya hizo seli ziote ovyo. Uvimbe unatengeneza maji mengi, mapafu yanajaa, mnyama anakonda huku anakula. Ile nafuu uliyoona ni juu antibaiotiki iliua bakteria waliokuwa wameongezea nimonia juu yake, kansa yenyewe haikuguswa. Tiba hakuna, chanjo hakuna, na kipimo cha damu cha kutegemea hakuna kwa sababu mwili wa kondoo hautengenezi kinga dhidi ya hivyo virusi. Hata Dolly, yule kondoo wa kloni wa Scotland, alipatwa na hii hii na wakalazimika kumuua ili asiteseke 2003 akiwa na miaka sita tu.

Daktari wa mifugo anaweza kumwinua miguu ya nyuma kidogo kichwa kikiwa chini, maji mepesi yenye povu yakimwagika puani basi karibu jibu unalo. Usimfanyie hivyo wewe mwenyewe kama ameshaanza kuhema sana, anaweza kukufia hapo hapo. Na maji yasipotoka haimaanishi ni mzima. Ukweli kamili unapatikana akichinjwa, mapafu yakifunguliwa, yanakuwa makubwa, mazito, magumu sehemu za rangi ya kijivu, na povu kwenye koo la hewa. Mwite afisa wa mifugo awepo siku hiyo, kipande kiende maabara, na yeye ndiye aamue kuhusu nyama. Kwa watu hakuna ushahidi kwamba inaambukiza.

Kuhusu sokoni, wenzetu wa Iceland waliletewa kondoo aina ya Karakul kutoka Ujerumani mwaka 1933, wote wakionekana wazima, ugonjwa ukasambaa shamba kwa shamba mpaka ikabidi wachinje makundi mazima ndio wakaumaliza 1952. Huyo wako anayetoa maji puani ni hatari kuliko wale, akilala usiku mmoja kwenye zizi la mtu mwingine amemwachia mzigo utakaojitokeza baada ya miaka, juu dalili huchukua muda mrefu.

Sasa mtoto wake. Najua inauma, lakini ikithibitishwa usimfanye mzazi, kanyonya maziwa ya huyo mama na kalala naye pua kwa pua. Mnenepeshe umchinje mapema. Mama mtenge leo leo, usisubiri maabara, wadogo walale mbali na wakubwa, punguza msongamano zizini usiku, na kila anayeanza kubaki nyuma malishoni mtoe kundini siku hiyo hiyo.