Nikodi mashine ya kuchomelea au niongeze zamu ya rangi?

SWALI: Nina karakana ya makabati na vitanda vya chuma. Kabati hunipa faida ya 100, kitanda 70. Kabati moja hula saa 5 za kuchomelea, saa 2 za rangi na kilo 30 za chuma. Kitanda hula saa 2 za kuchomelea, saa 2 za rangi na kilo 20. Kwa wiki nina saa 240 za kuchomelea, saa 150 za rangi na kilo 2,000 za chuma. Foleni ndefu iko kwenye kuchomelea, kwa hiyo nataka kukodi mashine itakayoniongezea saa 80 kwa gharama ya 800 kwa wiki. Msaidizi wangu anapendekeza zamu ya ziada ya rangi: saa 30 kwa 450. Je, programu ya mstari (hesabu ya kutafuta faida kubwa kabisa ndani ya mipaka ya rasilimali) inaweza kutuamulia? Tena yupo mteja anayetaka mkataba wa makabati yasiyopungua 36 kila wiki.

JIBU: Inaweza, na kwa namba ulizotoa inampa haki msaidizi wako. Lakini sentensi yako ya mwisho inaweza kupindua kila kitu, kwa hiyo nitaiweka kando kwanza.

Tuanze na faida ya 100 dhidi ya 70, maana hapo wengi hupotea. Ukitengeneza makabati peke yake, saa za kuchomelea zinakwisha kwenye kabati la 48 na unapata 4,800. Ukitengeneza vitanda peke yake, rangi inakusimamisha kwenye kitanda cha 75 na unapata 5,250. Bidhaa yenye faida ndogo kwa kimoja imeishinda yenye faida kubwa, kwa sababu kabati linameza saa za kuchomelea mara mbili na nusu ya kitanda.

Sasa tuiandike hesabu. Makabati tuyaite k, vitanda v. Lengo ni kufanya 100k + 70v iwe kubwa kadiri inavyowezekana, bila kuvunja masharti matatu: 5k + 2v isizidi 240, 2k + 2v isizidi 150, na 30k + 20v isizidi 2,000. Bila shaka k na v haziwezi kuwa hasi. Ukichora masharti hayo kwenye grafu unapata eneo lenye pembe kadhaa, na jibu bora lazima lipatikane kwenye mojawapo ya pembe hizo. Hapa ni ile ambapo mstari wa kuchomelea unakatana na wa rangi: makabati 30, vitanda 45, faida 6,150. Chuma kinabaki kilo 200.

Wengi huishia hapo, wakabandika ratiba ukutani. Mimi naona ratiba ndiyo sehemu isiyo na utamu sana. Kinachokuhusu wewe ni bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata kipimo kimoja zaidi cha rasilimali fulani huku ukipanga kazi upya. Kwako saa ya kuchomelea ina thamani ya 10, saa ya rangi 25, na kilo ya chuma sifuri, kwa kuwa bado unacho cha ziada. Foleni unayoiona kwenye kuchomelea ni ya kweli, ila huenda inasababishwa na kupokea makabati mengi mno. Urefu wa foleni haukuambii saa moja ya ziada italipa kiasi gani.

Bei kivuli ina mipaka yake. Saa za rangi zina thamani ya 25 hadi zifike 180. Baada ya hapo chuma kinakwisha. Zamu ya msaidizi inafika pale pale: saa 30 zinaleta 750, ukitoa 450 unabaki na 300, na mpango mpya ni makabati 20 na vitanda 70. Mashine nayo inaongeza saa 80, lakini zenye kazi ni 60 tu, tena kwa sababu ile ile ya chuma. Zinaleta 600 kwa gharama ya 800. Hasara.

(Bei kivuli si uchawi mpya. Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Kisovieti, alizikuta ndani ya hesabu zake alipokuwa akitatua tatizo la mashine za kampuni ya plaiwudi, kazi aliyoichapisha Leningrad mwaka 1939. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akabuni simplex, njia ya kutatua hesabu za aina hii inayotumika hadi leo.)

Huna haja ya kuchora grafu. Solver, zana iliyomo ndani ya Excel, inafanya yote, na ripoti yake ya unyeti inaonyesha bei kivuli pamoja na mipaka yake. Ila ukiilazimisha itoe namba kamili tu, ripoti hiyo huipati. Kagua pia ile 100 na 70: kodi ya jengo isiwemo, maana unailipa hata usipotengeneza kitu. Na kama ujira wa wapaka rangi umeshatolewa humo, basi 25 ni thamani iliyo juu ya ujira huo, kwa hiyo ile 450 ihesabu tu nyongeza inayozidi ujira wa kawaida.

Sasa mkataba. Makabati 36 yanachukua saa 180 za kuchomelea. Zinabaki 60, yaani vitanda 30. Faida inashuka hadi 5,700, na saa 18 za rangi zinakaa bure. Hapo zamu ya rangi haina thamani hata kidogo, wakati saa ya kuchomelea inapanda hadi 35 kwa zile 18 za kwanza, kisha inarudi 10. Ile mashine sasa inaleta 1,050 na kukuachia 250 baada ya gharama, ukitengeneza makabati 50 na vitanda 25.

Kwa hiyo usikodi chochote kabla ya kumjibu mteja. Bila mkataba, ukiwa na zamu ya rangi, unabaki na 6,450. Ukiwa na mkataba na mashine, 5,950. Pengo ni 500 kwa wiki. Ukiligawa kwa makabati 36 ni karibu 14 kwa kila moja. Mwombe bei inayozidi ya sasa kwa angalau kiasi hicho. Akikubali, kodi mashine. Akikataa, fungua zamu ya rangi.