Muulize Anti: Nimealikwa kula hoteli ya kifahari New Orleans

SWALI: Anti, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza nguo hapa Gulu. Mwezi ujao naenda Marekani, binti yangu anamaliza chuo New Orleans na wakwe zake watarajiwa wanataka kutupeleka hoteli moja ya kifahari ya vyakula vya Kusini, zile za vitambaa vyeupe mezani na uma tatu tatu. Alinitumia menyu kwa WhatsApp, sikuelewa hata nusu, gumbo, grits, collards, sijui nini. Halafu mimi ni Muislamu. Sitaki nimwaibishe mtoto.
Mama wa bibi harusi, Gulu

JIBU: Dada yangu, hongera sana kwa binti! Sasa nisikilize vizuri, hiyo menyu unayoiogopa nusu yake wewe unaipika. Gumbo ni mchuzi mzito, na jina lenyewe wataalamu wengi wanasema limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, kingombo, lilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Yaani ni otigo, mchuzi wa bamia wa huko kwenu, ila wao wanaweka kamba au kuku na wanaanza na unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta mpaka uwe rangi ya kahawia. Grits ni posho, yaani ugali, laini ya mahindi yaliyosagwa chenga chenga, ina siagi, mara nyingi na kamba juu. Collards ni jamaa wa sukuma wiki, wanachemsha muda mrefu sana mpaka inalainika kabisa.

Na hapo hapo ndipo uwe macho, maana hizo mboga, na maharage pia, kwa kawaida zinapikwa na kipande cha nguruwe ndani hata kama menyu haikuandika. Gumbo nayo mara nyingi ina soseji ya nguruwe, andouille wanaiita. Mkate wa mahindi wengine wanaupaka mafuta ya nguruwe kwenye sufuria, na pudingi ya mkate inaweza kuja na mchuzi wenye pombe. Usione haya hata kidogo, mwambie binti apige simu siku mbili kabla aseme mama hali nguruwe wala hanywi pombe, na mkifika muulize tena weita. Hoteli ya hadhi hiyo haichukii swali kama hilo, wanaingia jikoni na kukuletea jibu.

Uma zisikutishe, anza na za nje kuja ndani, kitambaa weka mapajani, basi. Chai ukiagiza sema kama unataka ya moto, Kusini ukisema chai tu wanakuletea ya barafu, mara nyingi tamu ajabu.

Kitu kimoja nakuomba, onja kwanza kabla ya kugusa chupa ya pilipili. New Orleans kulikuwa na mama mmoja mpishi, Leah Chase, alifariki 2019 akiwa na miaka 96. Hoteli ya wakwe zake, Dooky Chase's, ni ya tangu 1941, na yeye ndiye aliyeipa vitambaa mezani na picha za wachoraji weusi ukutani, wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa kwenye hoteli za Wazungu, na wapigania haki weusi kwa weupe walikuwa wanakutana chumba cha juu kupanga mambo yao huku sheria inakataza. Basi Obama alipofika kula akamimina pilipili kwenye gumbo kabla hajaonja, mama akamkaripia hapo hapo! Mimi nampenda sana yule mama.

Bili watalipa waliowaalika, usishindane nao. Lakini siku utakayomtoa binti wewe mwenyewe, ujue bakshishi kule si hiari kama kwetu, weka asilimia 15 mpaka 20, bili ya dola 60 ongeza kama 10 au 12, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu weita kulipwa dola 2.13 tu kwa saa, na kiasi hicho hakijapanda tangu 1991. Angalia tu risiti kwanza, mkiwa wengi wakati mwingine wameshaijumlisha.

Na chakula kikibaki omba wakufungie, wenyeji wote wanafanya hivyo, hata waliovaa suti.